Mama ana kansa na yuko Marekani? Anza na simu yake

Juzi kuna dada kaniandikia inboksi kutoka Texas, mama yake kakutwa na kansa ya titi na kila akiuliza kitu kliniki anaambiwa majibu yako kwenye potali, yaani ule ukurasa wa hospitali mtandaoni ambapo mgonjwa anaingia kuona mambo yake. Mama hana hata imeili.

Hayo nayajua. Shangazi yangu alivyoanza kemo, zile dawa za kansa, hapa Minnesota mimi ndo nilikuwa namsindikiza. Mama wa kizungu aliyetutangulia dirishani alipewa kikaratasi cha kujiunga na potali, akaelekezwa, akashikiwa na simu mpaka ikafunguka. Sisi tukapewa tarehe ya kurudi basi. Nikauliza na sisi je, yule binti wa dirishani ananiambia alidhani mama hatumii simu za kisasa. Shangazi! Mtu anashinda WhatsApp, grupu la kwaya yeye ndo admini. Mpaka leo inaniuma. Na sio sisi tu, tafiti za hukuhuku zimeonyesha Weusi na Walatino wanatajiwa hii huduma mara chache kuliko wazungu, halafu tunaambiwa hatupendi teknolojia.

Msione ni kitu kidogo. 2017 Dkt. Ethan Basch na wenzake walitoa majibu ya utafiti wa New York, wagonjwa wenye kansa iliyosambaa waliokuwa wanaripoti dalili zao mtandaoni waliishi kama miezi 31, wale wa utaratibu wa kawaida 26. Miezi mitano jamani.

Kwahiyo dada, omba fomu ya kuwa mwakilishi wa mama kwenye potali, unaingia kwa akaunti yako unaona mambo yake. Namba ya simu iwe ya mtu anayeshika simu, zile namba za kuingilia zinazotumwa kwa meseji huwa hazikusubiri. Mkalimani dai, ni bure, hospitali inayopokea hela za serikali inabanwa na sheria, usikubali umtafsirie mama kansa yake wewe. Halafu tangu 2021 sheria ya Marekani inataka majibu yasizuiliwe yakiwa tayari, hata daktari hajayaona, ingawa majimbo mengine yana sheria ya kuchelewesha kidogo baadhi ya majibu. Ya shangazi yaliingia Ijumaa usiku tunasonga ugali, kizungu kitupu, akabaki na mwiko mkononi ananiangalia. Kubalianeni mapema nani anafungua.

Na ndugu mlioko huku acheni uvivu, kupost "pray for mama" sio kumuuguza. Ule msaada wa serikali wa intaneti dola 30 kwa mwezi uliisha 2024, sasa ni juu yetu. Harusi mnachanga maelfu, bando la mgonjwa mnaanza kuulizana mwezi huu zamu ya nani.