Kuingia kwenye kontena la Incus kwa SSH

Kaka, ukijaribu SSH (njia ya kuingia kwenye mashine kwa mbali) ukapata "Connection refused" kwenye kontena jipya la Debian 12 ulilotengeneza kwa Incus, programu ya kuendesha makontena, usihangaike na mtandao kwanza. Imeji ya debian/12 haiji na seva ya SSH. Ingia kwa mlango wa nyuma, `incus exec kazi -- bash` (`kazi` ni jina la kontena), kisha `apt install openssh-server`.

Tengeneza mtumiaji wa kawaida, ubandike ufunguo wako wa wazi (ule wa .pub, sio ule mwingine!) kwenye `~/.ssh/authorized_keys`. Ruhusa za folda ziwe 700, za faili 600, na vyote viwe mali ya mtumiaji huyo. Ukivitengeneza kama root (msimamizi mkuu) ukasahau kubadili mmiliki kwa chown, utakataliwa.

Kuzima nywila ndiko wengi wanakojidanganya. Katika sshd, yaani seva ya SSH, mpangilio unaosomwa kwanza ndio unaoshinda, kwa hiyo `PasswordAuthentication no` uliyoandika mwishoni mwa `/etc/ssh/sshd_config` inaweza kufunikwa na faili iliyomo kwenye folda `/etc/ssh/sshd_config.d`. Weka yako humo kwa jina `01-funga.conf`, ongeza `PermitRootLogin no`, uanzishe upya huduma ya ssh, halafu hakiki: `sshd -T | grep -i passwordauth`.

Kutoka nje, wengi hufungua poti 2222 kwa kifaa cha proxy cha Incus, kinachopitisha miunganisho hadi ndani ya kontena. Inafanya kazi, ila mimi sipendi kuongeza mlango mwingine wa kulinda. Pitia seva mama (ile inayobeba kontena) tu: `ssh -J wewe@seva mtumiaji@10.x.x.x`, ambapo 10.x.x.x ni anwani ya IP ya kontena. Ufunguo wako wa siri unabaki kwenye laptopu.