Maswali ya Wasomaji: Hawa wa benchi la ufundi walitokea wapi?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi ni Liverpool damu toka enzi za Gerrard. Kijiweni kwetu wanasema kocha ambaye hajacheza mpira mkubwa hawezi kuwafundisha mastaa, mi nawauliza mbona wale waliokuwa wamekaa benchi na kocha wetu wa zamani Jürgen Klopp hatukuwahi kuwasikia wakicheza popote? Tuambie walikuwa akina nani kabla ya pale. – Msomaji, Tabora

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Kwenye hili niko upande wako kabisa, tena naanza na Klopp mwenyewe maana watu wengi wanadhani alikuwa staa. Alicheza Mainz kuanzia 1990 mpaka 2001, mechi zaidi ya 300 na zote ni za daraja la pili Ujerumani, alianza kama straika baadae akarudishwa beki, na huku anacheza akawa anasoma sayansi ya michezo chuo kikuu kule Frankfurt. Februari 2001 timu ilikuwa inaelekea kushuka daraja, viongozi wakamwambia vua jezi, kuanzia leo wewe ndo kocha.

Sasa waliomzunguka. Peter Krawietz kaanzia kwenye video. Alikuwa palepale Mainz, kazi yake ni kuangalia mechi, kukata vipande na kumwonesha kocha mpinzani anaachia nafasi wapi, na aliifanya vizuri mpaka akabatizwa jina la Jicho. Klopp alipoenda Dortmund 2008 akaenda nae, alipotua Liverpool Oktoba 2015 akaja nae, na mapumziko ndo yeye aliyekuwa anaandaa vile vipande ambavyo wachezaji wanaoneshwa kabla hawajarudi uwanjani. Huyu kijiweni kwenu asingepewa hata nafasi ya kuongea.

Pepijn Lijnders nae ndoto ya kucheza ilikatika mapema kwa sababu ya goti, hata miaka 20 hajafika akawa anafundisha watoto wa PSV kule Uholanzi. Akaenda Porto ya Ureno 2007 akakaa miaka saba na vijana, 2014 Liverpool wakamchukua, na sio kwa timu kubwa jamani, ni kwa vijana chini ya miaka 16! Kapanda ngazi kwa ngazi. Januari 2018 akaondoka kwenda kuwa kocha mkuu NEC Nijmegen kwao Uholanzi, timu ikashindwa kupanda daraja, na kiangazi kilekile Klopp akamrudisha maana Željko Buvač, msaidizi wake wa miaka yote waliyecheza wote Mainz, alikuwa ameshaondoka siku chache kabla ya marudiano na Roma nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Hapo watu wengi waliamini Liverpool imekwisha. Mwaka uliofuata wakabeba kombe lenyewe kule Madrid, 2-0 dhidi ya Tottenham.

Kocha wa makipa John Achterberg ndo aliyecheza muda mrefu, ila wapi? Tranmere Rovers, timu ndogo ng'ambo ya mto Mersey, kadaka pale toka 1998 mpaka 2009 akavuka mto kuja Liverpool. Kipa wa Tranmere ndo aliyekuja kumnoa Alisson, kipa wa Brazil.

Ila anayenigusa mimi kuliko wote ni Thomas Grønnemark wa Denmark. Huyu mpira wa kulipwa hajacheza, alikuwa mkimbiaji wa mbio fupi, akawa pia kwenye timu ya taifa ya kuteleza kwenye barafu na kile kigari (bobsleigh), halafu akajikita kwenye kitu kimoja tu ambacho kila mtu alikuwa anakidharau, kurusha mpira kwa mikono. 2010 aliweka rekodi ya dunia, mita 51.33. Klopp akamwita 2018 na watu wakacheka sana, hata wachambuzi wa Uingereza waliomkejeli kwenye TV walikuwepo. Lakini fikiria, mechi moja ina mipira ya kurusha mingi tu na msimu wa 2017/18 Liverpool wakibanwa walikuwa wanapoteza zaidi ya nusu. Msimu wa kwanza na Grønnemark wakawa wanabaki na mpira karibu mara 7 kwenye kila 10. Wala sio suala la kurusha mbali, aliwafundisha kukimbia kutengeneza nafasi kabla mrushaji hajainua mikono. Mtu wa hivi unampata pale tu ambapo mwajiri anauliza unajua nini, sio ulicheza wapi.

SWALI: Na huyu Arne Slot aliyemrithi Klopp je, nae kaja na watu wa aina hiyohiyo? – Dada wa Mombasa

JIBU: Hapana dada, huku ni kinyume na ndo maana napapenda. Slot mwenyewe kacheza Zwolle, NAC Breda na Sparta Rotterdam, timu ya taifa hajaitwa hata siku moja. Lakini msimu wa 2024/25 aliobeba ubingwa, pembeni yake alikaa John Heitinga aliyetolewa kwa kadi nyekundu fainali ya Kombe la Dunia 2010, na Heitinga alipoondoka kwenda kuifundisha Ajax akaletwa Giovanni van Bronckhorst, nahodha wa Uholanzi siku ileile. Yaani bosi alikuwa wa Zwolle na wasaidizi wa fainali, na ubingwa ukaja. Kwa hiyo nawe ndugu wa Tabora usiwaambie wenzio kwamba kucheza hakuna faida. Faida ipo, ila haiwezi kuwa sifa ya kwanza.

SWALI: Tuache Ulaya, Simba na Yanga wanaangalia haya mambo? – Msomaji, Temeke

JIBU: Mfano mzuri ni Fadlu Davids aliyekuja Simba 2024. Alikuwa straika Afrika Kusini, akaifundisha Maritzburg United mpaka fainali ya Kombe la Nedbank 2018, halafu akakubali kurudi kuwa msaidizi wa kocha Mjerumani Josef Zinnbauer, wakaenda nae Lokomotiv Moscow, kisha Raja Casablanca msimu wa 2023/24 wakabeba ligi ya Morocco bila kufungwa. Hapo Simba akakaa na Selemani Matola, nahodha wa zamani anayeijua klabu nje ndani, na wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2025 walipofungwa na Berkane ya Morocco. Kinachoniuma ni kwamba kocha mkuu akitua tunaandika mpaka rangi ya begi lake, wale wa viungo, wa makipa na wa video tunawapa mstari mmoja, halafu timu ikichoka dakika ya 70 tunaanza kuulizana kulikoni.

SWALI: Nina miaka 19, goti limeniharibia mpira. Nianzie wapi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole sana mdogo wangu. Anza na watoto wa mtaani kwenu hata kama hakuna malipo, rekodi mechi zao kwa simu na uwe unaandika ulichokiona. Leseni za ukocha za CAF, shirikisho la soka Afrika, zinaanzia D, ndo unapanda C, B, A mpaka Pro, hivyo wiki hii nenda ofisi ya chama cha soka cha mkoa uulize kozi ya D inayofuata inafanyika lini na ada ni shilingi ngapi.