Re: Gliserini chafu ya biodizeli, kuna bakteria wa kuila?

Mkuu, umeuliza kama gliserini inayobaki kwenye mtambo wako wa biodizeli inaweza kulishwa vijidudu ikatoa kitu cha kuuza, au ni ya kumwaga tu. Inaweza. Mkemia August Freund alipata 1,3-propanidioli kwa kuchachusha gliserini tangu 1881, na leo kemikali hiyo hutengenezewa poliesta ya nyuzi za mazulia.

Bakteria wanaotajwa sana ni wawili. Klebsiella pneumoniae ni mchapakazi, lakini huweza kuleta nimonia, tena kimeng'enya chake (protini inayofanya kazi ya kugeuza gliserini) kinadai vitamini B12. Mimi nisingemfuga bandani. Clostridium butyricum hahitaji B12, ila oksijeni haitaki kabisa. Akitunzwa vizuri, karibu nusu ya uzito wa gliserini hugeuka propanidioli. Sehemu nyingine huishia kwenye asidi ya asetiki, asidi ya butiriki na gesi.

Kabla ya yote, toa uchafu: methanoli (alkoholi iliyobaki kutoka kutengeneza biodizeli) ivukize na uirudishe mtamboni (hiyo ni pesa), sabuni itenganishe kwa asidi, kisha rudisha pH (kipimo cha uasidi) karibu na 7.

Kinachoua hesabu za wengi ni hatua ya mwisho. Propanidioli huchemka kwenye nyuzi joto zaidi ya 210, kwa hiyo lazima kwanza ufukuze maji yote, na moto huo una gharama. Kwa kiwango chako ningeanza na biogesi: changanya gliserini kidogo kidogo na samadi. Ukiizidisha, asidi hupanda na gesi inakata.