Kisahani chenye ua mgongoni

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Huku Pangani maji yakipwa, watoto huokota visahani vyeupe vyenye alama ya ua la petali tano. Juzi mwanangu alileta vya kahawia, vina kama manyoya, akavianika juu ya bati ili viwe vyeupe kama vingine. Haya ni mawe, au ni magamba ya chaza? — Mama Zuhura, Pangani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Vile vya kahawia vilikuwa hai, na juani vimekufa. Usimgombeze mtoto, hakujua, ila mwambie leo hii.

Huyu ni mnyama, jamaa ya kiti cha pweza na jongoo bahari. Yale manyoya ni miiba mifupi mno, ndiyo anayotembelea na kujifukia mchangani. Cheupe ni kiunzi chake cha chokaa, kinachobaki ngozi na miiba ikishaoza. Lile ua ndipo anapopumulia: kila petali ina safu za vitundu vinavyopitisha miguu laini, nayo huvuta oksijeni majini. Mdomo uko chini katikati, una taya tano.

Linalonifurahisha zaidi ni uzazi wake. Jike humwaga mayai na dume mbegu, vikakutana majini. Hutoka lava, yaani mtoto wa hatua ya kwanza, asiyefanana hata kidogo na wazazi, mwenye mikono mirefu myembamba, akaelea wiki kadhaa akila vijimea vya majini visivyoonekana kwa macho. Ubavuni mwake, upande wa kushoto, kisahani kichanga kinajengeka taratibu. Siku ikifika, lava hutua na kugeuka kisahani kwa muda mfupi sana.

Lakini hatui popote. Spishi ya pwani ya Pasifiki ya Marekani Kaskazini, Dendraster excentricus, imechunguzwa sana. Lava wake hutua wakihisi kemikali iliyoachwa mchangani na wakubwa wao. Utafiti wa mwaka 1982 ulieleza faida yake: wakubwa, kwa kuvuruga mchanga, huwafukuza wadudu wadogo wa jamii ya kamba ambao wangewala wachanga. Mwaka 2008 ikaonekana pia kwamba lava hao wakihisi ute wa samaki hujigawa wawili, wadogo zaidi, wasionekane kirahisi. Akishatua, kichanga humeza chembe nzito za mchanga zikae tumboni, mkondo usimchukue.

Kwa hiyo, kwa spishi ile, ukiokota wakubwa wote unawaondolea wachanga alama ya mahali pa kutua. Sioni sababu ya kuhatarisha hilo huku kwetu kwa ajili ya pambo la rafuni.

Vyeupe vitupu, avipange apendavyo. Cha kahawia chenye miiba inayochezacheza akirudishe papo hapo, asikirushe: akilaze mchangani ndani ya maji, mdomo ukiwa chini, naye atajifukia mwenyewe.