Usikubali mkono wako ufe, dada

Juzi dada mmoja mwenye saratani ya matiti kaniandikia inbox, yuko katikati ya kemo (zile dawa kali za kuua saratani), kaambiwa mkono wa upande aliopasuliwa asinyanyulie kitu chochote maisha yake yote, eti utavimba. Damu ilinichemka, maana na mimi niliambiwa hayohayo. Daktari hata usoni hakuniangalia, "pumzisha mkono mama", basi. Nikapumzisha. Bega likakakamaa, kuvaa gauni mpaka niitiwe mtu, mwanangu akilia wanambeba wengine mi namwangalia tu, na hilo mpaka leo linaniuma.

Alienitoa huko ni mtaalamu wa viungo, yule wa mazoezi ya tiba (fiziotherapia). Kanipa dambeli ya nusu kilo, nusu kilo jamani, nikakaa kwenye kiti nikawa nainua taratibu mpaka usawa wa bega, natoa pumzi nikipandisha, navuta nikishusha, jasho linanitoka kama nimebeba gunia. Sasa hivi mkono huohuo unanyanyua kilo 10 na nasema kwa kujidai kabisa.

Na sio mimi tu. Mwaka 2009 mtafiti Kathryn Schmitz na wenzake kule Marekani walitoa utafiti wa wanawake 141 ambao mikono ilishavimba baada ya matibabu ya saratani ya matiti, nusu wakanyanyua vyuma mara mbili kwa wiki mwaka mzima, uvimbe haukuongezeka, tena hao ndo waliosumbuliwa kidogo kuliko wenzao ambao hawakunyanyua. Sasa mtu anakukatazaje mpaka leo?

Jamani kemo inakula misuli, na vile vidonge vya kushusha homoni vingine vinapunguza mifupa, ukijilaza tu unaisha. Tusikubali kufanywa mayai. Kidonda kikishapona na daktari akiruhusu, anza na uzito mdogo mno, mara mbili kwa wiki, ongeza kidogokidogo, na awepo mtu anaejua wa kukuangalia mwanzoni. Miguu nayo usiisahau, kaa kwenye kiti simama, kaa simama, bila kushika popote. Siku una homa au kizunguzungu acha. Mkono ukiwa mzito au pete ikianza kubana, huenda unavimba, simamisha ukaonwe haraka.

We dada ulieniandikia, kliniki ijayo usiulize kama unaruhusiwa, uliza "naanza na kilo ngapi?" Wakirudia wimbo wa kupumzika, omba wakuandikie uonane na mtaalamu wa viungo, na usitoke humo chumbani mpaka karatasi iko mkononi.