Poda haitagi: majibu kwa wafugaji wa kuku wa Bukavu

Barua zimejaa tena, na nyingi zinauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti: niongeze nini kwenye chakula ili kuku watage, wanenepe, wasife? Karibu hakuna aliyeandika kuku wake wanakula gramu ngapi kwa siku. Nimechagua hizi chache. Wanaouliza bei ya vifaranga waende kwa wauza vifaranga.

Docta, niko na kuku mia moja ya mayai, ziko na wiki makumi tatu. Zinataga mayai makumi ine tu. Zinakula pumba na kaunga kidogo. Sokoni wananiuzisha poda ya kuongeza mayai. Nichukue sashe ngapi? (Mama wa Panzi)

Hata moja, mama. Geuza hiyo sashe usome nyuma. Mbele wamechora yai na kuandika vitamini. Nyuma, kwa herufi za kuumiza macho, mara nyingi utakuta oksitetrasiklini, wakati mwingine kolistini. Hizo ni antibiotiki. Kama kuku walikuwa na ugonjwa wa bakteria, mayai yatapanda siku chache, utamsifu muuzaji, kisha yatarudi pale pale. Mayai utakayokuwa umeuza siku hizo yana mabaki ya dawa, na wanaoyala ni watoto wa jirani yako. Tena tetrasiklini hushikana na kalsiamu tumboni, kwa hiyo katika chakula cha kuku wa mayai, chenye chokaa nyingi, sehemu ya hela yako inatoka na mavi.

Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo tarehe 1 Januari 2006, na Sweden ilitangulia mwaka 1986. Kolistini ni dawa ambayo madaktari wa watu huiweka akiba kwa mgonjwa ambaye dawa nyingine zimeshindwa. Mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza jeni inayoitwa mcr-1, inayorukia kutoka bakteria mmoja hadi mwingine na kuifanya kolistini isifanye kazi. Waliikuta kwa nguruwe, kwenye nyama ya dukani na kwa wagonjwa. Sisi tunaimwaga kwenye ndoo ya kuku bila daktari, bila kipimo.

Sasa hesabu yako. Kuku wa kisasa wa mayai akiwa na wiki 30 yuko kileleni: kuku 100 wanapaswa kukupa mayai 90 au zaidi. Kila mmoja anahitaji chakula kama gramu 115 kwa siku, chenye protini isiyopungua asilimia 16, yaani gramu 18 hivi. Pumba za mahindi zina asilimia kama 10, kaunga (unga) ya mihogo 2 au 3. Hata ukitoa pumba tupu unampa gramu 11 na nusu. Pengo ni karibu gramu 7 kwa kila kuku, gramu 700 kwa banda lako kila siku. Sashe nzima ina gramu 100, na sehemu kubwa yake ni sukari ya kubebea dawa. Itaziba pengo gani?

Changanya hivi, kwa kilo 100: mahindi yaliyobarazwa kilo 50, pumba 12 na nusu, soya iliyokaangwa 20, unga wa sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu) 7, chokaa ya mawe iliyosagwa 8, unga wa mifupa iliyochomwa 2, chumvi gramu 250 na premiksi ya kuku wa mayai (mchanganyiko wa vitamini na madini) gramu 250. Kama maandishi ya premiksi yanataka zaidi, fuata maandishi na upunguze pumba. Premiksi hiyo ndiyo poda pekee ninayokuruhusu. Badilisha chakula polepole, kwa muda wa wiki moja. Usitegemee mayai 90 kesho, kuku waliokonda hujenga mwili kwanza.

Na maji. Kuku hunywa karibu mara mbili ya uzito wa anachokula. Bomba likikatika Panzi na kuku wakashinda kiu, mayai yanashuka kwa siku nyingi, na hapo ndipo watu hukimbilia poda.

Mayai yangu iko na ganda laini, ingine haina ganda kabisa. Niliweka chokaa ya kupaka nyumba lakini kuku zikakataa kula. (Papa wa Bagira)

Kuku wako wana akili, papa. Chokaa ya kupaka ukuta ambayo haijapoa vizuri huunguza mdomo na koo. Unayotafuta ni jiwe la chokaa lililosagwa tu, halikuchomwa. Lina kalsiamu kama asilimia 38, na ganda moja la yai hubeba gramu 2 na zaidi.

Nusu ya chokaa isiwe unga, iwe chembe kama mchanga mkubwa, na uitoe alasiri. Ganda hujengwa usiku wakati kuku amelala hali kitu. Chembe kubwa hubaki kwenye firigisi na kuyeyuka taratibu, lakini unga umeshapita zamani. Maganda ya mayai yanafaa pia, mradi uyakaange kwenye sufuria kavu ili kuua salmonela, kisha uyatwange yasionekane kama yai. Ukiwatupia mazima utawafundisha kudonoa mayai yao.

Lakini usiwape vifaranga na matembe ambao hawajaanza kutaga chakula cha kuku wanaotaga, chenye asilimia 4 ya kalsiamu. Wao huhitaji asilimia 1 tu, na inayozidi huharibu figo. Nimeona banda la matembe wakifa mmoja mmoja, mwenyewe akilaumu jicho baya la jirani, na gunia limeandikwa wazi kwamba ni la kuku wanaotaga.

Sambaza na soya, nini inashinda? (Kijana wa Kadutu)

Unayeuliza nini kinashinda, kwanza hakikisha ulichonunua ni sambaza. Chukua kijiko cha huo unga, kitie kwenye glasi ya maji, koroga, acha dakika kadhaa. Mchanga utazama chini na utauona umejipanga kama kwenye ufuo wa ziwa. Makapi na maganda ya mpunga yataelea juu. Yaliyobaki katikati ndiyo samaki uliyelipia. Kisha onja. Ukisikia chumvi kali, usitie chumvi nyingine kwenye mchanganyiko. Kuku wanaokula chumvi nyingi huharisha maji na kuvimba, vifaranga hufa.

Samaki mzuri ana protini kama asilimia 60 na ana metionini, asidi amino ambayo mahindi na soya hupungukiwa. Hiyo ndiyo thamani yake. Hata hivyo ukivuka asilimia 10 mayai yatanuka samaki na wateja wako watakurudishia. Na mimi nina neno langu hapa: sambaza waliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 ili watu wale. Unaposaga kilo 20 kwenye kilo 100 za chakula cha kuku wakati watoto wa mtaa wako wana kwashiorkor, huo si ufugaji, ni ubadhirifu.

Soya ndiyo iwe mguu wa kwanza, na huko Kabare na Walungu wanailima. Lakini soya mbichi ina kizuizi cha tripsini, kimeng'enya cha kusaga protini: kongosho la kuku huvimba, protini inapita bila kusagwa, vifaranga hudumaa huku wakila vizuri. Kaanga kwa moto wa wastani ukigeuza bila kuacha mpaka iwe rangi ya dhahabu, au chemsha nusu saa kisha anika. Tafuna punje moja. Ikiwa bado ina ladha ya majani mabichi, rudisha jikoni. Ikiwa nyeusi, umeunguza lisini, asidi amino nyingine, na umenunua makaa kwa bei ya soya. Maharage mabichi ni mabaya zaidi, usitoe kabisa bila kuchemsha.

Mahindi imepanda bei. Naweza kuweka mihogo yote pahali pake? (Mama wa Kavumu)

Yote hapana. Asilimia 20 ya chakula, sawa, kwa masharti. Mihogo michungu uimenye, uiloweke, uianike mpaka ikauke kabisa, maana ina sianidi. Mwili wa kuku huondoa sumu hiyo kwa kutumia salfa inayotoka kwenye metionini, ile ile tunayoipungukiwa; mihogo isiyoandaliwa vizuri inakuibia mara mbili. Ongeza soya, kwa sababu protini ya mihogo ni jina tu. Tia mafuta ya mawese kidogo vumbi lisiwakabe. Majani ya mihogo (sombe) yaliyoanikwa na kutwangwa yana protini zaidi ya asilimia 20, wape kwa kiasi, nyuzi zake ni nyingi.

Kiini ya yai ni nyeupe, wateja wanalalamika. (Papa wa Kadutu)

Unalisha mahindi meupe au mihogo. Tafuta mahindi ya njano, au wape lengalenga (mchicha) na majani mabichi. Lishe ya yai ni ile ile, unawafurahisha macho tu.

Pili-pili inafanya kuku itage? (Watu watano wameuliza!)

Hapana. Haiwawashi hata kidogo, ndege hawasikii ukali wake. Nyekundu itaongeza rangi ya kiini, basi.

Mahindi yangu imeota kuvu ya kijani. Nikichemsha sana, au nikichanganya na mazuri, haitakuwa na shida? (Mama wa Ibanda)

Nimelijibu hili kila msimu wa mvua na nitalijibu tena kwa sauti. Hapana. Kuvu hufa kwa moto, sumu yake haifi. Inaitwa aflatoksini. Iligunduliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kula mashudu ya karanga kutoka Brazili. Hawakuambukizwa na mtu, walilishwa.

Kwa kuku huja kimya. Ini huharibika, ukuaji hudorora, kinga hushuka, na chanjo uliyolipia haishiki. Mfugaji anaandika kwamba chanjo ni feki. Pengine si feki, pengine ni gunia. Kuchanganya mabovu na mazuri ni kuharibu mazuri. Usiwape bata, wao hufa haraka zaidi, wala usiyauze kwa mtengeneza pombe.

Kabla ya kuhifadhi, tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa dakika chache. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi bado yana maji, rudisha juani. Gunia likae juu ya mbao, mbali na ukuta. Kwa hali ya hewa ya Bukavu, nunua ya wiki mbili au tatu, si ya miezi sita kwa sababu ilikuwa bei ya chini.

Nilipewa wali inayobaki ya hoteli, kila siku ndoo mbili. Ni bure! (Kijana wa Nyalukemba)

Bure ina historia. Mwishoni mwa karne ya 19 huko Java, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman alikuwa na kuku walioanza kupooza miguu. Walikuwa wanalishwa wali mweupe uliobaki hospitalini. Akaja mpishi mpya, akakataa wali wa jeshi kuliwa na kuku wa raia, wakarudishiwa mchele wa maganda, wakapona. Kilichokosekana kilikuwa vitamini B1, iliyo kwenye pumba. Eijkman alipata tuzo ya Nobel mwaka 1929. Toa wali wako, kijana, siku ile ile ulipoletwa, usizidi sehemu moja ya kumi ya chakula, na usiwape uliochacha au uliojaa chumvi.

Ni kweli kuku wa nyama wanadungwa homoni ndio wanakua haraka? Ile ya kienyeji je? (Papa wa Muhungu)

Si kweli. Watafiti wa Alberta, Kanada, waliwafuga pamoja kuku wa ukoo wa mwaka 1957, wa 1978 na wa 2005, kwa chakula kile kile, na matokeo wakayachapisha mwaka 2014. Siku ya 56, wa 1957 alikuwa na gramu 905, wa 2005 gramu 4,202. Ni uzao uliochaguliwa vizazi kwa vizazi. Wa kienyeji mpe chakula hicho hicho, atanenepa mafuta na atakula hela yako miezi mitano. Kinachoniogopesha mimi kwenye kuku wa nyama ni dawa anayopewa siku mbili kabla ya kuchinjwa, hiyo hamniulizi.

Funza wa inzi ni chafu au ni chakula?

Ni chakula, wakiwa wa nzi chuma, yule mweusi mwembamba asiyetua kwenye sahani yako. Waliokaushwa wana protini kama asilimia 40 na mafuta mengi. Ulaya iliwaruhusu kwa kuku mwaka 2021. Wafuge kwa mabaki ya mboga na ndizi za sokoni, si kwa mavi ya choo wala mizoga. Chemsha dakika chache, anika, saga. Wataweza kuchukua nafasi ya nusu ya sambaza zako, na ziwa litakushukuru.

Kitunguu saumu na mubirizi (majani machungu ya dawa) inazuia Newcastle?

Haizuii. Haikuzuia mwaka jana, haizuii mwaka huu. Newcastle, wengine huiita kideri, ni virusi, na kinga yake ni chanjo. Chanjo ya maji usiitie kwenye maji ya bomba ya Regideso yenye klorini kabla ya kuyatia unga wa maziwa yasiyo na mafuta, gramu 2 kwa lita, na kusubiri kidogo; klorini huua chanjo. Ibebe kwenye barafu, wanywe yote ndani ya saa mbili.

Avoka zinaanguka nyingi kwangu, niwape?

Nguruwe wape nyama ya tunda tu. Kuku hapana, ina sumu kwa ndege, hasa majani, ganda na kokwa.