Kabla hujanunua masta silinda, piga jeki tairi la mbele

Msomaji mmoja wa Korogwe ameniandikia wiki hii: "Kaka, Land Cruiser yangu nikitoka njia mbovu, nikikanyaga breki mara ya kwanza pedeli inazama, mara ya pili inashika. Fundi kabadilisha masta silinda, hali ni ileile. Sasa anasema ninunue busta. Jumamosi natakiwa Lushoto. Nifanyeje?"

Lushoto usiende na gari hilo, ndugu yangu. Mombo hadi Soni ni kona juu ya kona na bonde liko ubavuni. Panda basi. Masta silinda ni pampu inayosukuma mafuta ya breki, na busta ni kifaa kinachouongezea mguu nguvu. Busta usinunue, maana yaliyokukuta yalinikuta, na mpaka leo yananiuma.

Sisi wenye mikonga, yaani hizi Land Cruiser za njia mbovu, hatukuinunua ije ilale chini ya mwembe Raskazone, mjini Tanga. Ya kwangu inapanda milima ya Amani masika na kiangazi, na ninajivunia kusema haijawahi kumwacha abiria porini. Masika ya juzi nilikuwa nateremka kuelekea Muheza, gari limejaa, barabara imebaki mifereji miwili ya tope jekundu iliyochimbwa na malori. Nakaribia kona, nakanyaga, pedeli ikaenda karibu na sakafu. Nikarudia, ikasimama ngumu, gari likashika. Kona iliyofuata, vilevile. Nikarudisha gia ya pili nikatambaa nayo, abiria wa nyuma wakaanza kusali kwa sauti. Tulipogusa lami Muheza, pedeli ikarudi juu yenyewe, na Tanga mjini nikaingia na breki nzima kabisa.

Hilo ndilo nililomweleza fundi tangu asubuhi ya kwanza: kwenye lami ni nzima, nikitoka kwenye makorongo inazama mara moja kisha inashika. Akakanyaga gari likiwa limesimama uani, akasema, "Mzee, masta imekwisha, ikipata moto inapitisha mafuta." Nikalipa. Nikapanda Amani, ikazama vilevile. Akahamia kwenye busta. Nilipogoma, akasema mbele ya vijana wake kwamba sijui kukanyaga breki. Mimi, niliyeanza kushika usukani wa Land Rover za mashamba ya mkonge kabla hata hajazaliwa!

Nikaidai masta yangu ya zamani, nikaifungua palepale kwenye benchi lake. Raba zote nzima, midomo yake haijachanika hata kidogo, na ndani ya silinda kunang'aa bila mkwaruzo. Hakusema kitu, wala hela hakurudisha.

Nikaenda nyumbani nikapiga jeki upande wa mbele kushoto. Nilishika tairi mkono mmoja juu, mwingine chini, nikalisukuma na kulivuta. Likagonga: kok, kok. Beringi zimelegea. Na beringi ikilegea, habu, yaani kitovu cha gurudumu, inayumba, diski inayumba nayo, na kila gari linaporushwa na korongo ile diski inazisukuma pedi na pistoni za kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, zirudi ndani. Kwa hiyo mguu wa kwanza unafanya kazi ya kuzirudisha pedi kwenye diski tu, na wa pili ndio unaofunga breki. Kwenye lami hakuna kinachozisukuma, ndiyo maana uani fundi hakuona kitu.

Basi kagua hivi. Piga jeki, weka stendi au gogo imara chini ya ekseli, tikisa tairi juu na chini. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki huku unatikisa. Mchezo ukikoma, ni beringi za tairi. Ukiendelea, angalia kingpini, zile pini ambazo gurudumu la mbele hugeukia. Ikiwa ni beringi, habu ifunguliwe, zisafishwe, zikaguliwe, ziwekwe grisi mpya na oili sili mpya. Usikubali mtu afunge ile nati ya beringi kwa patasi na nyundo. Ya Land Cruiser ina soketi yake ya milimita 54.

Masta mbovu ina dalili yake: injini inaunguruma, umekanyaga na kushikilia, pedeli inazidi kushuka polepole chini ya mguu na hakuna mahali panapovuja. Busta mbovu haizamishi pedeli kabisa. Inaifanya iwe ngumu na gari lisishike hata ukiisimamia. Ipime mwenyewe: zima injini, kanyaga mara kadhaa mpaka pedeli iwe ngumu, shikilia mguu, washa. Ikishuka kidogo, busta inafanya kazi. Pedeli yenye upepo hubonyea-bonyea. Shuu za breki za nyuma zilizolegea nazo hushusha mguu wa kwanza, lakini hizo hazichagui barabara, hata gari likiwa limepaki ni hivyohivyo.

Jamani, tujifunze kupima kabla ya kununua. Fundi anayebadilisha bila kupima anabahatisha kwa fedha yako, na kwenye mteremko anabahatisha kwa roho za watu. Kila kifaa anachokitoa, kidai ukifungue. Kataa kuharakishwa.

Mafuta ya breki nayo yanasahaulika sana huku kwetu pwani. Hunyonya unyevu wa hewani. Aina ya DOT 4 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinashuka hadi 155, na mteremko mrefu wa Soni unaweza kuyachemsha. Yakichemka, pedeli inazama na hata ukirudia haishiki. Badilisha kila baada ya miaka 2, na usitumie lile kopo lililofunguliwa mwaka jana likabaki rafuni gereji. Nunua jipya, lifunguliwe mbele yako.